Nahodha Ananyonyesha

Pasua, kibandani kwa Temba, shilingi hamsini mlangoni,
magunia ya kahawa yamechanwa kuwa pazia,
tuliwaona wanawake wa siku zijazo:
mmoja ngozi ya bati, kiuno cha nyigu;
mmoja zimwi la sayari ya mbali, kosa lake mayai;
na mmoja mama,
aliyekufa kabla jina la filamu halijaandikwa.

Wote walisema kwa sauti ya Temba,
kwani ndiye aliyetafsiri, kipaza sauti mkononi,
pipi ya kijiti shavuni.
Roboti wa kike akilia, Temba alilia kwa besi.
Mama akikata roho, Temba alimeza mate, akasema,
"Mwanangu, lipiza kisasi,"
ingawa midomo ya yule mama haikutikisika hata kidogo.
Nilikuwa na miaka tisa. Niliiona ile midomo.

Leo naandika cha kwangu, kwenye simu, kwa dole gumba moja;
mkono wa pili umebeba kichwa cha Ndekirwa.
Umeme umekatika tangu saa mbili.
Nahodha wangu anaitwa Apaikunda.
Chombo chake kimeungwa hapahapa Moshi,
kwa vyuma vya kiwanda cha magunia kilichofungwa,
na kikiwaka kinanuka katani.

Mhariri ameniandikia kutoka Dar:
"Kisa kizuri. Ila huyu mtoto anatupunguzia kasi.
Muue sura ya pili, mama apate hasira ya kupigania.
Au asizae kabisa, awe imara."
Imara. Kana kwamba uimara ni tumbo
lililofungwa kama duka siku ya msiba.

Mama yangu ameshuka kutoka Kibosho, wiki ya tatu sasa,
kuja kulea mzazi: mtori asubuhi, mtori jioni,
mifupa ya ng'ombe inachemka mpaka inatubu.
Nikamsomea. Akasikiliza huku akiponda ndizi.
"Huyo nahodha, amejifungua lini?"
Mwezi uliopita, mama, walipokuwa wanaipita Mshtarii.
"Na nani anampikia?"

Nilinyamaza.
Nilikuwa nimemwandikia mtambo wa hewa,
ngao, ramani ya nyota, bunduki mbili za mwanga.
Mtu wa kumpikia sikumwandikia.

Basi nimerudi sura ya pili.
Nimeondoa bunduki moja, nikapata nafasi ya sufuria.
Mtori huko hauna chini wala juu,
hujiviringa donge, ukapita hewani taratibu,
Apaikunda anaudaka kwa mdomo.
Na titi la kushoto linapojaa kabla ya saa yake
maziwa hayadondoki, hakuna pa kudondokea;
yanatoka tone kwa tone, yanaizunguka taa ya dira,
sayari ndogo zenye joto,
na mtoto anazifukuza, mdomo wazi.
Adui amefika dirishani. Atasubiri.
Kwanza mtoto acheulishwe.

Fundi mitambo ni Nembris. Hana mtoto, wala hataki,
na sijamwandikia kidonda cha kueleza kwa nini.
Anaziba ufa, anapiga mluzi, anaomba chumvi.

Upo pia ukurasa ambao Apaikunda anamtazama mwanawe
akamchukia kwa dakika nne nzima.
Nilitaka kuufuta. Mama akasema, "Huo uache,"
akageukia jiko, akakoroga kisichohitaji kukorogwa.

Simu imebaki asilimia sita.
Mlima umejifunika, hauonekani hata kwa mbalamwezi.
Mama amesinzia ameketi, mwiko bado mkononi.
Dirishani, adui bado amesimama.
Ndekirwa ameiachia chuchu, midomo yake inatikisika,
hakuna sauti ya mtu juu yake,
nami nainama,
nisikie inasema nini.